Haki ya Gawio na Asili Yake

Katika maneno yaliyotoka katika ofisi za madalali wa hisa na wahasibu yakaingia vinywani mwa umma, sidhani kama liko lililoenea upesi kuliko gawio. Tanzania, ufikapo mwezi wa Juni, magazeti hujaa picha za wakuu wa mashirika wakikabidhi mifano ya hundi yenye tarakimu ndefu; Kenya, wenye hisa za sharika ya simu ya Safaricom hungoja ujumbe wa simu wa kuwaarifu kwamba fungu lao limeingia; na katika vyama vya akiba na mikopo vya nchi zote mbili, walimu, wauguzi na askari hupanga karo za watoto wao na mabati ya nyumba zao kwa kulitazamia gawio la mwisho wa mwaka. Ni jambo la heri kwamba istilahi ya tijara kubwa imekuwa mali ya watu wa kawaida. Lakini pamoja na kuenea kwake, neno hili limelegezwa mno katika matumizi, hata likabebeshwa mambo yasiyo yake: riba huitwa gawio, ushuru huitwa gawio, na hata fedha za mtu aliyedanganywa leo, zinapotumiwa kumlipa aliyedanganywa jana, nazo huitwa gawio. Madhara ya ulegevu huo huwafikia watu mifukoni, na aghalabu huwafikia wale wasioweza kustahimili hasara.

Sharika yoyote inapofunga hesabu za mwaka, hutoa kwanza katika mapato yake gharama zote zilizoyaleta mapato hayo: mishahara ya wafanyakazi, bei ya malighafi, uchakavu wa mitambo, riba ya mikopo, na mwisho kodi ya serikali. Kinachosalia, endapo kipo kinachosalia, ndicho faida halisi. Na faida hiyo ni mali ya wenye hisa, kwa kuwa wao ndio waliotoa mtaji, na ndio watakaokuwa wa mwisho kulipwa siku sharika itakapofilisika. Bodi ya wakurugenzi huitazama faida hiyo ikaamua kiasi gani kibaki katika sharika ili kununulia mitambo mipya, kulipia madeni au kuwekwa akiba ya siku za dhiki, na kiasi gani kigawiwe. Kiasi cha kugawiwa hupelekwa mbele ya mkutano mkuu wa mwaka, na mkutano huo, kwa desturi ya katiba za sharika nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza, waweza kukikubali au kukipunguza, lakini hauna mamlaka ya kukizidisha. Kikishaidhinishwa hugawanywa sawasawa kwa kila hisa, bila kutazama kwamba mwenyewe ni serikali, tajiri wa ng'ambo, au mjane wa Tabora mwenye hisa 50. Hilo ndilo gawio, na lisilokuwa na asili hiyo halistahili jina hilo.

Mababu zetu wa pwani hawakuwa na soko la hisa, lakini kanuni hii waliijua vyema katika majahazi yao. Msimu ulipokwisha na mapato ya safari yakahesabiwa, zilitolewa kwanza gharama za chakula na za matengenezo, likatengwa fungu la mwenye chombo, ndipo nahodha na mabaharia wakagawana kilichosalia, kila mmoja kwa daraja lake. Safari ikiwa ya baraka, mafungu yalikuwa manene. Ikiwa ya hasara, baharia alirudi kwao mikono mitupu, wala hakuna kadhi aliyeweza kumwamuru nahodha amlipe fungu la faida isiyopatikana.

Hapo ndipo ulipo mpaka baina ya gawio na riba, mpaka ambao watu wengi huupita bila kuuona. Aliyeikopesha sharika fedha zake, kwa hatifungani au kwa njia nyingine, ana deni linalodaiwa. Ipatikane faida au ikosekane, siku ikifika lazima alipwe, na asipolipwa mahakama i wazi. Mwenye hisa hana deni la namna hiyo. Yeye ameingia katika shirika la faida na hasara, na kwa sababu hiyo wanazuoni wengi wa sheria ya Kiislamu, ambao huharimisha riba, huihalalisha faida inayogawiwa kwa washirika, maadamu biashara yenyewe na njia zake ni halali. Basi mtu akikuahidi gawio la kiasi kilichotajwa tangu mwanzo, kwa tarehe iliyotajwa, bila sharti la faida, fahamu kwamba anakuuzia deni kwa jina la hisa, au anakuuzia uongo.

Tutazame hesabu ya kweli. Kwa mwaka uliokwisha Machi 2024, Safaricom iligawa shilingi 1.20 za Kenya kwa kila hisa, senti 55 zikiwa gawio la muda lililotangazwa kabla ya mwaka kwisha, na senti 65 gawio la mwisho. Hisa za sharika hiyo ni zaidi kidogo ya bilioni 40, kwa hiyo jumla ya gawio ilikuwa shilingi bilioni 48 hivi. Mwenye hisa 1,000 alistahiki shilingi 1,200. Ikakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, akabaki na 1,140. Serikali ya Kenya, ambayo wakati huo ilikuwa na asilimia 35, ilistahiki kwa kipimo hicho hicho shilingi bilioni 16 na ziada. Mkulima wa Nyeri na Hazina ya taifa walipimiwa kwa kibaba kimoja, nami katika mambo yote ya soko la hisa sioni lililo na insafu kuliko hili. Tanzania nayo inatoza kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa magawio ya sharika zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, na asilimia 10 kwa nyingi zisizoorodheshwa. Ni nafuu iliyowekwa makusudi ili kuzivuta sharika zije sokoni mbele ya macho ya watu.

Liko jambo la tarehe ambalo huzaa manung'uniko kila mwaka, ijapokuwa si gumu. Gawio hutangazwa siku moja na hulipwa siku nyingine, na katikati yake kuna siku ya kufunga daftari la wanahisa. Aliyeandikwa katika daftari siku hiyo ndiye atakayelipwa, hata akiuza hisa zake kesho yake. Na anayenunua baada yake hupata hisa bila gawio la mwaka huo, hata kama malipo yatatoka baada ya miezi miwili akiwa yeye ndiye mwenye mali. Tena, kwa kuwa mauzo ya hisa, Nairobi na Dar es Salaam, yamezoea kuchukua siku tatu za kazi hata kukamilika, mtu hawezi kununua asubuhi ya siku ya kufunga akategemea kuandikwa jioni. Na hisa ikishavuka tarehe hiyo, bei yake kwa kawaida hushuka kwa kiasi kinacholingana na gawio lenyewe, kwa sababu fedha hizo zimekwisha tengwa na mnunuzi mpya hana haki nazo. Wanaokimbilia kununua siku chache kabla ya daftari kufungwa kwa tamaa ya kuchuma na kutoka, huchuma kwa mkono mmoja na kupoteza kwa mwingine, na dalali akachukua ujira wake mara mbili.

Kutotofautisha gawio na bei ya hisa ni kosa linalowapata hata wasomi. Benki ya NMB iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 600 kila moja. Kwa hesabu za mwaka 2024 ikagawa shilingi 428.85 kwa hisa. Mtu aliyenunua mwanzo na akavumilia alipokea, kwa mwaka mmoja tu, zaidi ya theluthi mbili ya fedha alizozitoa miaka 16 nyuma. Habari kama hii ikisimuliwa msibani au harusini huwasha tamaa, na msikilizaji huamka kesho yake kutafuta hisa hizo akidhani ataipata neema ile ile. Lakini mwishoni mwa mwaka 2024 bei ya hisa hiyo ilikuwa imekwisha pita shilingi 5,000, na kwa aliyenunua kwa 5,000 gawio lile lile ni shilingi 8 na nusu hivi kwa kila 100. Hicho si kidogo, wala si kitu cha kudharau; ila si ile theluthi mbili ya aliyetangulia. Gawio hupimwa kwa bei uliyoitoa wewe, siyo kwa bei aliyoitoa jirani yako.

Kenya iliyaona haya kwa uchungu katika mwaka huo huo wa 2008. Serikali ilipouza robo ya Safaricom, hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja, watu kwa malaki walipanga foleni, na wengi miongoni mwao walikopa benki ili wanunue, wakiamini kwamba bei itaruka siku ya kwanza na gawio litafuata upesi. Maombi yakazidi mno hisa zilizokuwapo, waombaji wakapewa sehemu ndogo tu ya walichokitaka, na fedha zao nyingine zikangoja kurejeshwa huku riba ya mkopo ikihesabika kila siku. Hisa zikaanza kuuzwa sokoni tarehe 9 Juni 2008, na kabla ya mwaka kupita bei ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 3. Gawio la miaka ile ya mwanzo lilikuwa la senti chache, lisiloweza kulipia hata riba ya mkopo. Waliouza kwa dhiki waliondoka na hasara. Waliokuwa wamenunua kwa fedha zao wenyewe na wakaweza kukaa, ndio waliofika kupokea shilingi 1.20 kwa hisa iliyowagharimu 5. Tofauti ya makundi haya mawili haikuwa akili wala elimu. Kundi moja lilitumia fedha ambazo halikuzihitaji mwezi ujao, na jingine lilitumia fedha za watu.

Wala asidhani mtu kwamba sharika kubwa yenye jina haiwezi kukauka. Kenya Airways, iliyoingia katika soko la Nairobi mwaka 1996 na kuwa fahari ya bara zima, ilizama katika hasara hata wenye hisa wakapitisha zaidi ya mwongo mzima bila gawio, na kutoka Julai 2020 hadi Januari 2025 hisa zake zilisimamishwa zisiuzwe wala kununuliwa. Kiwanda cha sukari cha Mumias, ambacho wakulima wengi wa miwa wa magharibi ya Kenya walikuwa na hisa zake, kiliwahi kugawa faida nzuri, na mwaka 2019 kikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa mali za aliyeshindwa kulipa madeni. Wala kutogawa si dalili ya ubaya kila mara: Berkshire Hathaway ya Marekani, sharika ya Warren Buffett, ilitoa gawio mara moja tu chini ya uongozi wake, mwaka 1967, na faida nyingine zote ikazirudisha kazini, na waliovumilia hawakujuta. Sharika isiyogawa chochote yaweza kuwa inakua, na yenye kugawa kila kitu yaweza kuwa inajila yenyewe.

Kwa hiyo, swali la kwanza la mwenye busara mbele ya gawio ni limetoka wapi. Swali la kiasi chake lafuata nyuma. Historia yenyewe inatufundisha kuuliza hivyo. Sharika ya Kiholanzi ya Mashariki ya India, iliyoundwa mwaka 1602 na ambayo hisa zake ziliuzwa na kununuliwa Amsterdam, ilikaa miaka mingi bila kuwapa wanahisa kitu, na manung'uniko yalipozidi, mwaka 1610 ikaanza kugawa. Nayo haikuanza kwa fedha bali kwa basibasi, kisha pilipili manga, hata wenye hisa wakajikuta na magunia ya viungo ambayo iliwapasa kuyatafutia wanunuzi wenyewe. Jambo hilo husimuliwa katika vitabu vya biashara kama kichekesho, lakini mimi siwezi kulicheka. Basibasi hiyo ilitoka visiwa vya Banda, na mwaka 1621 gavana wa sharika, Jan Pieterszoon Coen, alivivamia visiwa hivyo ili kuuhodhi uzao wake; wenyeji waliuawa kwa maelfu, wengine wakachukuliwa utumwa, na ardhi yao ikagawiwa kuwa mashamba yaliyolimwa na watumwa. Magawio yaliendelea kulipwa miaka iliyofuata. Mwanahisa wa Amsterdam aliyepokea fungu lake bila kuuliza asili yake alikuwa mshirika katika damu ile, ajue asijue.

Liko pia gawio la udanganyifu, linalolipwa pasipo biashara yoyote. Mwaka 1920, katika mji wa Boston, Charles Ponzi aliwaahidi watu faida ya asilimia 50 kwa siku 45, akidai anafanya biashara ya kuponi za posta za mataifa. Na kwa muda alilipa kweli, kwa sababu aliwalipa wa kwanza kwa fedha za wa pili, na wa pili kwa fedha za wa tatu, mpaka wa mwisho wakakosa wa kuwafuata, naye akafungwa. Tanzania ilikuwa na mpango wa DECI, ambao watu walipeleka humo fedha zao kwa lugha ya kupanda mbegu na kuvuna, lugha iliyokuwa imekwisha zoeleka makanisani na kwa hiyo ikawafungua mioyo waumini waliokuwa wagumu mbele ya mabenki. Serikali iliufunga mwaka 2009, na mwaka 2013 mahakama ikawatia hatiani viongozi wake. Mavuno yale hayakuwa na shamba. Lau kila aliyealikwa kupanda angeuliza biashara hii inauza nini, kwa nani, na hesabu zake zimekaguliwa na nani, mwaliko ungevunjika pale pale mlangoni. Majina hubadilika kila baada ya miaka michache, na siku hizi mengine huja kwa simu, yakijiita mashamba ya sungura au biashara ya sarafu za kidijitali. Ghilba yake ni ile ile ya Boston.

Sasa nije kwenye matumizi ya neno hili serikalini, jambo ambalo naliandika kwa heshima lakini bila kulizungusha. Serikali ya Tanzania ni mwanahisa mkubwa, na ina haki kamili ya kudai fungu lake. Kwa muda mrefu yako mashirika yaliyoishi kwa mtaji wa umma bila kurudisha hata senti, na wakuu wake wakayaendesha kama mali za ukoo. Hatua ya kuyadai imekuwa sahihi, na ofisi ya Msajili wa Hazina, inayosimamia hisa hizo, imefanya kazi inayostahili sifa. Mwezi wa Novemba 2019 Rais John Magufuli alipokea katika Ikulu ya Chamwino zaidi ya shilingi trilioni 1, akayapa mashirika yaliyokuwa hayajatoa siku 60 yatoe. Juni 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alipokea bilioni 637, na Juni 2025 zikafika trilioni 1.028. Sifa iliyotolewa kwa kupanda huko kwa mwaka mmoja naiunga mkono.

Ninachokipinga ni kuiita jumla hiyo yote gawio, kama wasemavyo watu wengi na kama vinavyoandika vichwa vya habari. Ndani yake mna mambo mawili yasiyofanana. Liko gawio la kweli, kama lile la shilingi bilioni 68 ambalo NMB iliilipa serikali kwa hesabu za mwaka 2024 kwa sababu serikali ina takriban asilimia 32 ya hisa zake: faida ilipatikana, wakaguzi wakaithibitisha, mkutano mkuu ukaidhinisha, na kila mwanahisa mwingine akapata kwa kipimo hicho hicho. Na uko mchango, ambao kanuni iliyotumika kwa miaka mingi iliuweka kuwa asilimia 15 ya mapato ghafi ya taasisi za umma, yaani mapato kabla gharama hazijatolewa. Mchango wa namna hii hauulizi kama kuna faida. Taasisi yaweza kuwa inatoza ada kwa amri ya sheria, haina mshindani wala mteja aliyeichagua, na ikatoa mabilioni. Nazo ni fedha za mwananchi aliyelipa ada ile, zimehamishwa kutoka mfuko mmoja wa umma kwenda mwingine. Yaweza pia kuwa inadaiwa na wazabuni wake, mabomba yake yanavuja, na bado ikatoa, kwa kuwa kutoa ndiko kunakopigiwa makofi.

Kuyachanganya mawili haya chini ya jina moja kunamnyima raia nafasi ya kuyahukumu mashirika yake. Gawio likipanda, kwa kawaida maana yake ni kwamba biashara ya umma inaendeshwa vizuri. Mchango ukipanda, pengine maana yake ni kwamba ada zimepanda. Habari ya kwanza ni ya kufurahia, ya pili ni ya kuhoji, na anayezisoma kwa tarakimu moja hawezi kujua afanye lipi. Tena, amri ya kutoa katika siku kadhaa inafaa kwa mchango, ambao ni wajibu wa kisheria. Haifai kwa gawio, kwa kuwa faida haiji kwa amri. Mkurugenzi anayejua kwamba heshima yake itapimwa siku ya kukabidhi hundi hushawishika kuahirisha matengenezo, kukopa ili atoe, au kukawiza malipo ya wafanyakazi. Na shirika lililotoa gawio kwa njia hiyo limekula mbegu yake. Haki ya serikali iheshimiwe, lakini itangazwe kwa mizania: jina la shirika, mtaji wa umma uliomo, faida yake baada ya kodi, kiasi kilichogawiwa na kiasi kilichobaki, na michango iwekwe katika safu yake peke yake kwa jina lake. Ofisi yenye tarakimu hizi haikosi uwezo wa kuzipanga hivyo, na gazeti lolote laweza kuzichapa katika ukurasa mmoja.

Yako pia magawio yanayopotea kwa kukosa mwenyewe, na jambo hili laniuma kuliko yote niliyoyataja. Mzee alinunua hisa zamani, kwa fedha za pamba au za kiinua mgongo; akaitia hati katika sanduku, wala hakumwambia mtu. Siku aliyofariki, warithi waligawana shamba, ng'ombe na vyombo vya nyumba, na hati ikabaki chini ya nguo ikidhaniwa risiti ya zamani. Sharika ikaendelea kumwandikia marehemu gawio lake mwaka baada ya mwaka, kwa anwani ya posta iliyokwisha fungwa na akaunti ya benki iliyokwisha lala. Kenya ilitunga sheria mwaka 2011 iliyounda mamlaka ya kukusanya mali za kifedha zisizodaiwa, magawio yakiwa miongoni mwake, na warithi waweza kuidai huko haki yao wakiwa na nyaraka za mirathi. Lakini wangapi wanajua kwamba kuna cha kudai? Katika jamii yetu, ambamo mtu huona haya kuitaja mali yake angali hai asije akaonekana anakiita kifo au anawaonyesha watoto njia ya kumsubiri, desturi hii ya kuficha imewanyima mayatima wengi haki iliyokuwa yao kwa sheria na kwa dini.

Basi nakuomba, msomaji, ufanye mambo machache yasiyohitaji elimu ya juu. Kama una hisa, hata ziwe 10, andika majina ya sharika na namba ya akaunti yako ya hisa mahali ambapo mke wako, mume wako au mtoto wako mkubwa ataviona, na umwambie. Hakikisha namba ya benki au ya simu iliyo katika daftari la wanahisa ni ile unayoitumia leo. Mwaliko wa mkutano mkuu ukikufikia, usiutupe. Nenda, au mtume mwakilishi, na ukifika uulize gawio hili limetoka katika faida ya mwaka huu, katika akiba ya zamani, au katika mkopo, maana bodi inawajibika kukujibu mbele ya wenzako. Kama wewe ni mwanachama wa chama cha akiba na mikopo, taka uonyeshwe mbali mbali riba iliyolipwa juu ya akiba yako na gawio lililolipwa juu ya hisa zako. Na kama huna hisa yoyote ila ni mlipa kodi wa Tanzania, mwulize mbunge wako, kabla ya Juni ijayo, kati ya mabilioni yatakayotangazwa ni kiasi gani kitakuwa faida na ni kiasi gani kitakuwa ada ulizozilipa wewe mwenyewe.